Mzigo wangu umekwama Howrah eti ni "sikukuu ya mashine". Hii kitu ipo kweli au napigwa kamba?

#1 Fundi_Gerezani
Wakuu salama? Niende moja kwa moja. Nimeagiza chaki ya lethi na gia zake kwa jamaa mmoja yuko Howrah, ng'ambo ya mto ukitoka Kolkata kule India, hela nimeshatanguliza nusu, mzigo ulitakiwa utoke tarehe 17 mwezi wa tisa. Juzi namuuliza ananiambia siku hiyo hakuna anayegusa mashine, hata nyundo hainyanyuliwi, ni Vishwakarma Puja, vifaa vinapumzika. Katuma na picha, lethi imevalishwa shada la maua ya manjano, imepakwa doa jekundu kama bibi harusi wa Kihindi, mbele yake sinia la ndizi na nazi. Nikamwambia mbona mwaka juzi ulinipa sababu hiyo hiyo na tarehe hiyo hiyo, akanijibu ndiyo, kila mwaka ni 17. Hapo ndo nikaingiwa na wasiwasi, maana Diwali ninayoijua mimi inahama, mara Oktoba mara Novemba. Sasa hii ya kukaa tarehe moja kama mwisho wa mwezi inatoka wapi? Na unasherehekeaje kifaa kwa kukinyima kazi? Wanaojua waje. Wasiojua waje pia ila wapunguze kelele.

#2 Kigoda_Changu
Nimeshakaa. Chai iko motoni.

#3 Chuma_Chakavu
Chaki kutoka India? Za ubaoni zimeisha Kariakoo?

#4 Fundi_Gerezani
@Chuma_Chakavu chaki ya kushikia chuma kinapozunguka kwenye lethi we mtu. Ndo maana nilisema kelele.

#5 Bongo_Kolkata
Hujapigwa kamba mkuu, ipo na ni kubwa. Nimesoma Kolkata miaka minne, nilipanga chumba juu ya karakana ya kuchomelea mageti, kwa hiyo naongea nilichokiona. Siku moja kabla, kazi inasimama mapema, wanafagia hadi kona ambazo mwaka mzima hazijaona ufagio, mashine zinafutwa masizi, zinapakwa grisi, spana zinapangwa kwa saizi. Usiku analetwa Vishwakarma mwenyewe, mungu fundi wa Wahindu, sanamu ya udongo, nyingi zinafinyangwa mtaa unaitwa Kumartuli. Asubuhi anakuja padri wao, maua, ubani, doa jekundu kwenye kila kitu chenye chuma, kuanzia grenda mpaka baiskeli ya yule kijana wa chai. Stendi za mabasi, vijiwe vya riksho, karakana za reli, viwanda vya gunia, kote maspika. Mchana mnakula khichuri, ule wali uliopikwa na dengu, kuna sehemu wanachinja mbuzi kabisa. Kesho yake sanamu inapelekwa kuzamishwa mtoni na kelele za grenda zinarudi.

Halafu juu angani ni tiara. Kolkata siku hiyo ni siku ya tiara, vijana wamejaa juu ya mapaa, uzi wameupaka unga wa chupa unaitwa manja, unakata uzi wa mwenzako likianguka mtaa mzima unapiga kelele "bhokatta!" Ukimuuliza tiara na spana vinahusianaje kila mtu ana jibu lake.

#6 Chuma_Chakavu
Kwa hiyo spana yangu namba 14 ina haki ya likizo kuliko mimi. Sawa.

#7 Mama_Spea
@Bongo_Kolkata hiyo manja si ndo ile inayokata watu shingo?

#8 Bongo_Kolkata
@Mama_Spea ndo hiyo dada, na mbaya zaidi ni ile ya nailoni wanaita ya Kichina. Mahakama yao ya mazingira iliipiga marufuku nchi nzima 2017 lakini inauzwa. Kuna daraja la juu pale Kolkata linaitwa Maa, waendesha pikipiki wameshakatwa sana, ikafika wakaweka uzio wa waya pembeni. Mimi nilikuwa nikipanda pikipiki mwezi huo navaa skafu shingoni na jua lote lile.

#9 Mwalimu_wa_Zamu
Habari zenu. Nijibu la tarehe kwanza maana naona limerukwa. Diwali inafuata mwezi, inaangukia usiku ambao mwezi haupo kabisa, na kwa sababu miezi 12 ya mwandamo ni kama siku 354, kila baada ya miaka miwili na nusu hadi mitatu Wahindi wanachomeka mwezi wa ziada ili wasikimbiane na misimu. Ndo maana inacheza kati ya Oktoba na Novemba ila haifiki Machi. Vishwakarma ya Bengal, yaani upande huo wa Kolkata, yenyewe inafuata JUA. Ni siku jua linapoingia kwenye buruji la Kanya, yaani Mashuke, ndiyo siku ya mwisho ya mwezi wa Kibengali unaoitwa Bhadra. Jua halina papara, ndiyo maana tarehe haitikisiki. Ndugu yake ni Makara Sankranti, sikukuu nyingine ya jua, nayo haibanduki Januari 14 au 15. Ramadhani haina mwezi wa kuchomeka, ndiyo maana inazunguka mwaka mzima. Hesabu tu, hakuna uchawi.

#10 Kaskazi_Unguja
@Mwalimu_wa_Zamu ahsante sheikh. Na sie tunayo ya jua, Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Watu wanadhani ni ya Kiislamu kwa vile inafanywa na Waislamu, kumbe inafuata Nairuzi, mwaka wa jua wa wavuvi na wakulima, ndio hauhami na Ramadhani, upo Julai tu kila mwaka.

#11 Mwalimu_wa_Zamu
@Kaskazi_Unguja mfano mzuri ila nikusahihishe kidogo, Nairuzi yetu ni siku 365 kamili bila ile siku ya mwaka mrefu, kwa hiyo inarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Babu wa babu yako hakuukoga Julai hii hii.

#12 Kaskazi_Unguja
Nimekubali. Ila babu wa babu yangu muache apumzike 😂

#13 Bongo_Kolkata
Na mimi niongeze hapo hapo, hata hiyo 17 si kila mwaka, kuna miaka inaangukia 16 au 18. Kwa hiyo @Fundi_Gerezani jamaa yako amekuambia ukweli kwa asilimia kubwa, ila mwakani muulize mapema.

#14 Kamukunji_Finest
Wasee mnanichanganya. Mimi niko Nairobi, jua kali Kamukunji, mzee wangu alifunzwa kazi na fundi Singasinga, sisi tunasema Kalasinga, alikuwa na karakana Industrial Area. Siku yao ya vifaa haikuwa Septemba hata kidogo, ilikuwa ile siku inafuata Diwali. Mzee anasema huyo fundi asubuhi alikuwa anaosha vifaa vyote na maji na maziwa, anafunga uzi mwekundu kwa vaisi, anawapatia vijana ladu na noti ya shilingi, halafu analock. Hakuna kazi. Ukigusa hata bisibisi anakuuliza kama wewe ukiwa umelala unapenda kuguswaguswa. Sasa hiyo 17 imetoka wapi?

#15 Pamba_na_Sufi
Na mimi nikoroge zaidi. Nimekulia Mwanza, jirani zetu walikuwa Wagujarati, ukoo wa maseremala, wao ya kwao ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, Januari kwenda Februari, siku ya 13 ya mwezi unaokua katika mwezi wao wa Magha. Wanasema ndiyo siku aliyozaliwa Vishwakarma. Kwa hiyo mpaka sasa ana birthday tatu kwenye uzi huu.

#16 Chuma_Chakavu
Anakata keki mara tatu kwa mwaka na bado mizigo inachelewa.

#17 BinJuma_Sohar
Assalaam aleikum. Huku Oman nafanya kazi gereji ya malori, mafundi wengi ni Watamil na Wamalayali, na yao ni ya NNE. Inaitwa Ayudha Puja, iko siku ya tisa ya zile siku zao za Navaratri, Septemba mwishoni au Oktoba. Vifaa vinawekwa mezani, vinapakwa ile poda nyekundu na ya manjano, magari yanafungwa migomba midogo na maua. Halafu ndimu. Wanaweka ndimu chini ya kila tairi, dereva anasogeza lori mbele kidogo linazipasua zote. Mara ya kwanza nilidhani wanapima breki wallahi. Kwao kuna na boga kubwa lenye vumbi jeupe juu ya ganda, wanalitia poda nyekundu ndani wanalibamiza barabarani kuondoa jicho baya. Wenzangu wanasema Chennai na Bengaluru kila mwaka polisi wanapiga kelele msivunjie barabarani, maana pikipiki zinateleza kwenye nyama ya boga. Yaani unaondoa hasidi unamuangusha jirani.

#18 Mama_Spea
@BinJuma_Sohar hiyo ya ndimu si ndo ile walifanyia ndege ya kivita? Nakumbuka picha ilizunguka sana.

#19 Mwalimu_wa_Zamu
Ndiyo. Oktoba 8, 2019, Waziri wa Ulinzi wa India Rajnath Singh alikwenda Mérignac, Ufaransa, kupokea Rafale ya kwanza, akaiandikia Om, alama yao takatifu, kwa rangi, akaweka ua na nazi, na ndimu mbili chini ya matairi. Kwao waligombana wiki nzima, wengine wanasema aibu wengine wanasema mila. Siku hiyo ilikuwa Dussehra, siku ya kuheshimu silaha. Ayudha maana yake ni silaha.

#20 Nyundo_Nzito
Hapo ndo penye jibu sasa na wote mmepita pembeni. Hii sikukuu asili yake ni ya JESHI siyo ya mafundi. Kwenye Mahabharata, ule utenzi wao mkubwa wa kale, wale ndugu watano, Pandava, walifukuzwa, mwaka wa mwisho walitakiwa waishi kwa kujificha, wakaficha silaha zao juu ya mti unaitwa shami, mwaka ulipoisha wakazirudia wakazikuta salama. Wafalme wa kusini wakaanza kuadhimisha, Mysore mpaka leo upanga wa ukoo wa kifalme unawekewa ibada siku hizo na tembo wanaandamana. Mvua za masika yao zimeisha, barabara zimekauka, unatoa silaha unazisafisha unaenda vitani. Mkulima akaona na yeye ana jembe, seremala akaona na yeye ana randa. Ikashuka hivyo kutoka ikulu mpaka gereji.

#21 Bongo_Kolkata
@Nyundo_Nzito hiyo ni kusini. Ukienda Howrah ukamwambia mtu habari ya mti wa shami atakuangalia tu. Bengal hadithi ni ya fundi mwenyewe, usichanganye sikukuu mbili.

#22 Nyundo_Nzito
Chuma ni kile kile, maua ni yale yale, likizo ni ile ile. Tofauti ni nini?

#23 Bongo_Kolkata
Tofauti ni nani unamshukuru. Ya kusini kifaa chenyewe ndiyo kinaheshimiwa, na siku hiyo hiyo wanafunzi wanaweka vitabu mbele ya Saraswati, mungu wao wa kike wa elimu, na HAWARUHUSIWI kuvisoma.

#24 Kigoda_Changu
Nabadili dini kuanzia leo.

#25 Shangazi_Kerezo
Ngojeni niwape hadithi ninayoipenda, mnaosema lethi lethi. Kiswahili kina neno, KEREZO, na kitendo ni kukereza. Miguu ya vitanda vya zamani vya pwani ilikerezwa. Basi huyu Vishwakarma alikuwa na binti anaitwa Sanjna, akaolewa na Jua. Ndoa ikamshinda, mume anawaka mno, hakaliki naye. Binti akakimbia, akamwachia mume kivuli chake kikae mahali pake. Mambo yalipofichuka Jua likaenda kwa baba mkwe, na baba mkwe ni fundi, hakutukana wala hakuita kikao, akalipandisha mkwewe kwenye kerezo akamkereza. Akamtoa sehemu moja ya nane ya mwanga wake. Na vumbi lile lililodondoka hakulitupa, fundi hatupi kitu, akatengenezea kisahani cha Vishnu kile cha kurusha, akatengeneza mkuki wa ncha tatu wa Shiva. Nani mwingine ana baba mkwe wa namna hiyo?

#26 Chuma_Chakavu
Baba mkwe wangu mimi ndo anatakiwa apandishwe kwenye kerezo.

#27 Fundi_Gerezani
@Shangazi_Kerezo shikamoo. Hii nimewasomea vijana wangu hapa karakana wamefurahi sana, hasa hapo pa kutotupa vumbi. Swali, huyu bwana alitengeneza nini kingine? Na anafananaje, maana kwenye picha niliyotumiwa ni kijana ana masharubu kapanda tembo, lakini nimemsachi mtandaoni nakuta babu ana ndevu nyeupe mpaka kifuani.

#28 Shangazi_Kerezo
@Fundi_Gerezani marahaba mwanangu. Wote ndiye. Bengal wanampenda kijana wa tembo, mikono minne, mwingine anashikishwa mpaka tiara. Kaskazini na magharibi ndiyo yule babu, na mnyama wake ni bata bukini. Kazi zake ni nyingi, jiji la dhahabu la Lanka, mji wa Dwarka wa Krishna, Indraprastha, silaha ya radi ya Indra.

Na ile ya hekalu la Puri, huko huko India, mnaijua? Mfalme Indradyumna alitaka sanamu zichongwe kwa gogo, akaja seremala mzee, sharti lake moja, nifungieni chumbani siku 21 mtu asifungue. Siku za kwanza wanasikia patasi na nyundo, baadaye kimya. Malkia akaingiwa na hofu, mzee asije akawa kafia ndani, wakafungua mlango kabla ya siku. Seremala hayupo, sanamu zipo hazina mikono. Mpaka leo Jagannath, mungu wa hekalu hilo la Puri, yuko hivyo hivyo, macho makubwa, hana viganja.

#29 Mama_Spea
Hii iprintiwe ibandikwe kwenye kila karakana. Wateja wanaopiga simu mara sita kwa siku "fundi umefikia wapi" waone.

#30 Pamba_na_Sufi
@Mama_Spea na mafundi wanaosema siku 21 ikawa miezi 21 nao wabandikiwe nini? Kabati langu la jikoni linaingia mwaka wa pili.

#31 Fundi_Gerezani
Tusifike huko.

#32 Seremala_Tegeta
Kwa maseremala wenzangu, kuna pango Ellora, kule Maharashtra, namba 10, wanaliita la Vishwakarma, wengine Kibanda cha Seremala. Limechongwa kwenye mwamba lakini dari yake ina mbavu za mawe zilizochongwa zifanane na boriti za mbao, yaani mtu kachonga JIWE liwe kama paa la mbao. Maseremala walikuwa wanakwenda pale kumheshimu Vishwakarma wao. Kumbe aliyekaa ndani ni Buddha, pango ni la Kibudha toka mwanzo. Hawakujali, kazi kama ile kwao aliyeifanya lazima awe ni yeye.

#33 Mchambuzi_Huru
Mnaleta hadithi tamu lakini hakuna anayegusa hela. Angalieni nani analipia sanamu, maspika na biriani. TAJIRI. Kiwanda kinakula pamoja siku moja, bosi anakaa chini anagawa peremende, siku 364 zilizobaki mshahara ni ule ule. Hii ni dawa ya kutuliza wafanyakazi. Na serikali imeona utamu wake, mpango wao wa mafundi wa mikono wameuita PM Vishwakarma na wakauzindua Septemba 17, 2023, ambayo pia ni birthday ya Modi. Bahati nzuri kweli kweli.

#34 Bongo_Kolkata
@Mchambuzi_Huru mpango tuuseme ulivyo. Fani 18, wamo wahunzi, mafundi kufuli, vinyozi, washona viatu, mpaka wasuka nyavu za kuvulia. Unapewa mafunzo, vocha ya vifaa ya rupia 15,000, mkopo wa kuanzia laki moja kwa riba ya asilimia 5. Umefika kwa wangapi hayo mengine, ila kwenye karatasi umekaa vizuri kuliko mingi.

#35 Mhunzi_Mjukuu
@Mchambuzi_Huru nakupinga kidogo. Kwenye viwanda vya gunia vya mto Hooghly enzi za Mwingereza waliokuwa wanaziabudu mashine ni vibarua wenyewe, mabosi wa Kiskoti walikuwa wanawashangaa. Fikiria mtu katoka kijijini Bihar, kawekwa mbele ya mashine hajafundishwa, haina kinga, inakula vidole. Huwezi kuizima, huwezi kuacha kazi. Utafanyaje? Utaongea nayo vizuri. Mimi nimefanya kazi kwenye kreni, najua kuongea na mashine.

#36 Jeki_ya_Tani5
Mie jibu langu ni dogo. Ni SEVISI. Mmesoma posti ya 5? Wanafagia, wanapaka grisi, wanapanga spana. Kuna karakana gani hapa kwetu inasimamisha mashine siku nzima kwa ajili ya usafi bila kuharibika kwanza? Sisi tunasubiri beringi ilie. Wale wamemkabidhi Mungu ratiba ya sevisi ili tajiri asiifute. Akili kubwa.

#37 Mhunzi_Mjukuu
@Jeki_ya_Tani5 😂😂 hiyo nimeipenda ila ua la manjano halipunguzi msuguano.

#38 Jeki_ya_Tani5
Linapunguza wa bosi.

#39 Muumini_1
Naona watu wanachekelea tu. Kusujudia chuma ulichokitengeneza kwa mkono wako ni shirki iliyo wazi na kwa Wakristo pia ni sanamu. Tujifunze ya kwetu.

#40 BinJuma_Sohar
@Muumini_1 hakuna aliyesema tuwafuate ndugu yangu, mimi nilikula ladu tu na kazi ikaendelea kesho yake. Ila tusijifanye hatuna yetu. Mimi asili yangu Lamu, babu alikuwa fundi wa majahazi. Chombo hakishushwi majini hivi hivi, anachinjwa mbuzi, inasomwa dua, ubani unafukizwa, watu wanakula wali, halafu ndo kamba zinavutwa kwa nyimbo. Hatusujudii mbao. Lakini ukimwambia babu chombo ni mbao tu angekupiga na kipande chake.

#41 Mhunzi_Mjukuu
Na mimi niseme ya kwetu. Mama yangu Mpare, ukoo wa Washana, wahunzi. Nyumbani kwa babu hakuna aliyeruka nyundo wala fuawe, ukiruka umekosa heshima na utaambiwa urudi uzunguke. Watu walikuwa wanatuogopa, ukigombana na mhunzi akagonga nyundo yake kwa hasira, majirani wanakuja kusuluhisha wenyewe. Nenda kwa Wamaasai wahunzi wao, Ilkunono, walikuwa wanadharauliwa, hawaoani na wengine. Kazi moja, huku unaogopwa kule unatengwa. India nao hivyo hivyo, wamempa Vishwakarma wana watano, mhunzi, seremala, mfua shaba, mwashi wa mawe na sonara, na koo hizo za kusini zimehangaika miaka na miaka kudai kwamba nazo ni za juu kama Mabrahmani, lile tabaka la makuhani. Sikukuu ya kumheshimu fundi, halafu binti humpi.

#42 Lushi_Congo
Mimi niko Lubumbashi. Huku wa migodi iko na yao, Mtakatifu Barbara, tarehe 4 ya mwezi wa 12, ilikuja na Wabelgiji. Misa, kisha bia. Vifaa havipewe maua lakini ile siku hata mkubwa wa mugodi anasalimia watu muzuri.

#43 Pamba_na_Sufi
Wakatoliki pia tuna Yosefu Mfanyakazi, Mei Mosi, Papa Pius XII aliiweka 1955 ili Mei Mosi wasiachiwe wakomunisti peke yao. Seremala naye.

#44 Shangazi_Kerezo
Na hao Wagujarati wetu wa madukani, mmesahau, siku ya Diwali wanaweka vitabu vya hesabu mbele ya Lakshmi, mungu wao wa kike wa mali, ibada inaitwa Chopda Pujan, daftari jipya linafunguliwa linaandikwa "faida njema" kabla ya tarakimu yoyote. Siku hizi wanaweka laptop. Kifaa cha muuza duka ni daftari la madeni, na wengi wenu humu jina lenu liliwahi kuombewa humo.

#45 Chuma_Chakavu
Langu linaombewa mpaka leo.

#46 Mwalimu_wa_Zamu
Tukiwa hapo, karakana tunayoitaja toka juu ni neno lao, karkhana, Kiajemi kikapitia India kikatufikia. Sonara ni sonar. Randa hivyo hivyo. Gari, duka. Mafundi walipokuja kujenga reli kutoka Mombasa, 1896 mpaka 1901, waliletwa karibu 32,000, wengi kutoka Punjab, karibu 2,500 wakafa, kama 6,700 wakabaki.

#47 Kamukunji_Finest
@Mwalimu_wa_Zamu na hao waliobaki ndo walileta hiyo siku ya baada ya Diwali, hao mafundi wa Punjab wanaitwa Ramgarhia, maseremala na wahunzi. Wale Singasinga wa reli ndo walijenga gurdwara, yaani hekalu lao, ya Makindu 1926, kama umesafiri Mombasa Road lazima umekula pale bure. Lakini ukiuliza Singasinga mwenyewe atakuambia dini yao haiabudu vifaa, ni heshima tu. Mzee wangu alimuuliza yule bosi wake kwa nini basi anaosha nyundo na maziwa. Alijibu, "Baba yangu aliosha."

#48 Mchambuzi_Huru
Hilo jibu ndilo linanitia wasiwasi.

#49 Kamukunji_Finest
Mimi hadi leo kila baada ya Diwali naosha zangu. Na maji tu, maziwa imepanda.

#50 Fundi_Gerezani
Wakuu mrejesho. Mzigo umetoka tarehe 19, umefika kwa ndege, nimeufungua leo. Chaki imefungwa kwenye gazeti la Kibengali, grisi safi, na juu ya namba ya kiwandani kuna doa jekundu limekauka, na petali moja ya lile ua la manjano imeganda kwenye taya ya tatu. Kijana wangu mmoja mlokole kasema hafungi hiyo chaki mpaka ifutwe kwa dizeli. Mwingine anasema ukiifuta itakata vidole. Wameanza kubishana saa nne, sasa hivi saa nane, mashine imesimama.

#51 Jeki_ya_Tani5
Kwa hiyo umesherehekea na wewe.

#52 Mama_Spea
@Fundi_Gerezani tupia picha. Na hiyo chaki ni inchi ngapi, kuna mteja wangu Buguruni anatafuta ya 8.

#53 Muumini_1
Ifutwe.

#54 Shangazi_Kerezo
Petali toa isije ikaingia kwenye meno. Doa liache, rangi haina uzito.

#55 Mpita_Njia99
Sijasoma comments zote ila mkuu hiyo ni Diwali, na siyo Septemba, ni Novemba. Huyo jamaa anakupiga, dai hela yako.

#56 Kigoda_Changu
Chai imeisha. Jamani nani anamrudisha huyu posti ya 9?